Mashoto, kiwiko na hesabu ya siku: jibu kwa baba mdogo kuhusu besiboli ya Marekani

Baba mdogo, shikamoo. Video ya kijana imefika. Umeuliza mambo matatu: kama ni kweli mrushaji wa besiboli mwenye mashoto analipwa dola 780,000 kwa mwaka huku Marekani, kama kijana anaweza kufika, na kama utoe ile milioni tatu anayodai "wakala" ili ampeleke majaribio.

La wakala ndilo lenye haraka. Usitoe hata senti. Skauti, yaani mtafuta vipaji, analipwa na klabu, na klabu haimtozi mchezaji ili imtazame. Visa ya mchezaji wa kulipwa inaitwa P-1A, na maombi yake yanapelekwa na klabu yenyewe baada ya mkataba kusainiwa. Asiye na mkataba hana cha kuombea visa hiyo, kwa hiyo mtu anayekuuzia visa kabla ya mkataba anakuuzia karatasi. Mawakala halali huku wamesajiliwa na chama cha wachezaji, nao hukata asilimia 4 au 5 ya mshahara mchezaji akishaanza kulipwa.

Sasa hiyo 780,000. Ipo, ndiyo kima cha chini cha ligi kuu kwa mwaka 2026. Ila inalipwa kwa siku. Msimu una siku mia na themanini na ushei, kwa hiyo kila siku uliyomo kwenye orodha ya ligi kuu ni dola 4,000 na kitu, na siku uliyoshushwa inahesabiwa kwa bei ya ligi ndogo. Klabu ni 30, kila moja ina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Piga hesabu: nafasi za warushaji ni 390 kwa dunia nzima, na wenye mashoto ni kama robo yake.

Wengine wote wako chini, kwenye ngazi za ligi ndogo. Makubaliano ya mwaka 2023 yaliweka kima cha chini hivi: ngazi ya mwanzo kabisa dola 19,800 kwa mwaka, Single-A 26,200, High-A 27,300, Double-A 30,250, Triple-A 35,800. Kabla ya hapo ilikuwa aibu tupu. Kodi haijakatwa bado, na kodi ya mwanamichezo huku hufuata kila jimbo alilochezea linalotoza kodi ya mapato. Dereva wa lori anamzidi kijana wa Double-A kipato, tena analala kwake. Siku hizi wengi wa ligi ndogo wanapewa nyumba na klabu, ngazi za chini watu wawili chumba kimoja, na chakula uwanjani. Mechi ni Jumanne hadi Jumapili dhidi ya timu ileile, Jumatatu ni siku ya kusafiri kwa basi. Double-A ni mechi 138 kwa mtindo huo, kuanzia Aprili ambapo miji mingi bado baridi inauma vidole, na mrushaji ambaye vidole vimekufa ganzi hajui mpira unakwenda wapi.

Kwa hiyo ukisikia jirani anasema kijana wa fulani "anacheza besiboli Marekani", usimpelekee bajeti ya harusi. Muulize kwanza yuko ngazi gani.

Mbona basi mashoto yanatafutwa? Kwetu mtoto akishika kijiko kwa kushoto anapigwa kofi la mkono. Huku mkono huohuo ni mtaji, na sababu yake ni hesabu tu. Watu wa mashoto ni kama mmoja kwa kumi, lakini wapigaji wanaosimama upande wa kushoto ni wengi kuliko hapo, kwa sababu upande ule uko karibu na besi ya kwanza, kituo anachokimbilia mpigaji akishapiga, na unauona vizuri mpira wa mrushaji wa kulia. Wapigaji hao wamekua wakirushiwa na mikono ya kulia. Akitokea wa kushoto, mpira unaanzia kama nyuma ya bega lao halafu unapinda kuwakimbia. Umbali kutoka kichuguu, kile kilima kidogo anachosimama mrushaji, hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Kwa muda huo macho yanataka kitu yalichokizoea. Ndiyo maana mwenye mashoto husamehewa kilomita mbili tatu za kasi ambazo wa kulia hasamehewi.

Faida ya pili ni mkimbiaji wa besi ya kwanza, yaani mpigaji aliyekwisha kufika hapo na anavizia kuiba mbio kwenda besi ya pili. Mwambie kijana asimame hivi: mguu wa kushoto ubavuni mwa ubao wa kichuguu, wa kulia mbele, kifua kikitazama besi ya kwanza. Wa kulia anaipa besi hiyo mgongo, wa kushoto anamwona mkimbiaji usoni. Akiinua goti la kulia, mkimbiaji hajui bado kama mpira unakwenda kwa mpigaji au unamjia yeye. Hapo ndipo mwizi wa besi huganda. Lakini kuna masharti. Akitaka kurusha besi ya kwanza, hatua lazima ielekee huko. Waamuzi wanatumia mstari wa kufikirika wa nyuzi 45, ukikanyaga upande wa mpigaji wa mstari huo ni kosa linaloitwa balki. Kwetu tungesema amefanya boko, na mkimbiaji anapewa besi bure. Unyayo wa kulia ukivuka ukingo wa nyuma wa ubao, ameshajifunga: hawezi tena kurusha besi ya kwanza. Na tangu 2023 anaruhusiwa kurusha huko au kushuka ubaoni mara mbili tu kwa mpigaji mmoja. Akijaribu ya tatu asimpate mkimbiaji, ni balki.

Msidhani kila mwenye mashoto anaiweza kazi hiyo. Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa mashoto wa kizazi chake, mshindi wa mechi 200, alikuwa na kigugumizi cha mkono: mpira wa kwenda kwa mpigaji ulitii, wa kwenda besi ya kwanza ulipotea. Msimu mzima wa 2014 hakujaribu hata mara moja. Mwisho wa Septemba mwaka huo, kwenye mechi ya mtoano, Kansas City Royals walizigundua karata zake na kumwibia besi wazi wazi. Haikutimia miezi mitatu, Chicago Cubs wakampa mkataba wa dola milioni 155 kwa miaka sita, maana mpira wake wa kwenda kwa mpigaji ulifaa kuliko aibu ile. Huyuhuyu Lester ndiye aliyekuwa kichuguuni Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliposimama kupiga kwa mara ya kwanza, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika ligi kuu. Ngoepe alimpiga, akafika besi. Alikuwa amesaini na Pittsburgh mwaka 2008. Miaka tisa, baba mdogo, kwa mtu aliyefanikiwa.

Zamani mwenye mashoto alikuwa na ajira ya uzeeni isiyo na jasho: anaitwa kumrushia mpigaji mmoja wa kushoto, anamaliza, anatolewa. Jesse Orosco alifika mechi 1,252, rekodi hadi leo, akastaafu na miaka 46. Mlango huo ulifungwa mwaka 2020. Sasa mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize zamu ya timu inayopiga, isipokuwa ameumia. Maana yake kijana mwenye mpira wa kupinda peke yake, unaowasumbua wa kushoto lakini wa kulia wanaula, hana kazi. Anahitaji mpira unaowakimbia wa kulia, na kwa mwenye mashoto huo ni ule wa mwendo wa kudanganya: mkono unakwenda kwa kasi ileile, ila mpira umekumbatiwa ndani ya kiganja, unatoka kilomita 12 au 15 pungufu na kuteleza kwenda nje. Ndio nisiouona kwenye video ya kijana. Anarusha wa kasi na wa kupinda tu. Na kwa umri wake ningependa apunguze huo wa kupinda.

Kinachotafuna kazi hii ni kiwiko. Ndani yake kuna kano nyembamba inayoshika mfupa wa mkono wa juu na wa chini, nayo kila mrusho wa nguvu unaivuta karibu na mwisho wa uwezo wake. Dalili hazianzi kwa kishindo. Kidole kidogo kinakufa ganzi, mpira unaanza kwenda juu bila kutaka, kasi inashuka kilomita tatu, kijana anasema "nimechoka tu". Siku moja inakatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mwingine wa mrushaji wa mashoto aitwaye Tommy John akaipandikiza kiwikoni. Tommy John akarudi 1976 na kurusha hadi 1989, na upasuaji ukachukua jina lake. Kupona kunachukua miezi 12 hadi 18. Ukiumia ukiwa kwenye orodha ya ligi kuu, mshahara wa ligi kuu unaendelea na siku zinahesabiwa. Ukiumia ukiwa ligi ndogo, unauguza kiwiko kwa mshahara wa ligi ndogo, na kila klabu ina kikomo cha wachezaji 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani, kwa hiyo nafasi zinagombaniwa. Mkataba wa ligi ndogo hauna dhamana. Anaitwa ofisini asubuhi, mchana mkoba umefungwa.

Siku ndizo kila kitu. Siku 43 za ligi kuu zinampa haki ya pensheni. Siku 172 zinahesabiwa mwaka mzima. Miaka mitatu, anaanza kudai mshahara mbele ya msuluhishi. Miaka sita, yuko huru kwenda klabu aitakayo, na hapo ndipo hela mnazozisikia redioni. Klabu nazo zinahesabu. Kwa misimu mitatu zinaweza kumpandisha na kumshusha hadi mara tano kwa msimu, na mrushaji akishashushwa kwa kawaida anakaa chini siku 15. Wa mashoto wa akiba ndiye mteja mkuu wa safari hizo. Anapigiwa simu usiku wa manane, anapanda ndege, anarusha mara moja, kesho kutwa anarudishwa.

Kama kijana anataka mfano wa kweli wa maisha haya, asimtazame Randy Johnson wa mita 2.08, aliyewatoa wapigaji mara 4,875 kwa mirusho yake mwenyewe, huyo ni kiumbe wa peke yake. Amtazame Rich Hill. Alichaguliwa na klabu mwaka 2002, akapasuliwa bega 2009, kiwiko 2011, akaachwa na klabu moja baada ya nyingine. Mwaka 2015, akiwa na miaka 35, alikuwa akirushia Long Island Ducks, timu isiyo chini ya klabu yoyote ya ligi kuu. Akaamua kutumia mpira wake wa kupinda mara nyingi zaidi kuliko zamani. Desemba 2016 Los Angeles Dodgers walimpa dola milioni 48 kwa miaka mitatu. Mwaka 2025 alipanda kichuguuni na Kansas City akiwa na miaka 45, klabu yake ya 14. Wa kulia wa miaka 35 aliyeachwa na wote, mara nyingi simu yake hailii tena.

Njia ya kijana ni mbili. Moja, klabu imsajili kutoka nyumbani. Dirisha la wasio Wamarekani linafunguka Januari 15, kuanzia miaka 16, na wengi wanapitia kwanza kambi za Jamhuri ya Dominika, ambako yale makubaliano ya 2023 hayafiki na posho ni ndogo zaidi. Waganda wameshatangulia: Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022. Njia ya pili ni chuo, kwa ufadhili. Mie naipendelea, kwa sababu kiwiko kikikatika anabaki na cheti. Njia yoyote, karatasi za umri ziwe safi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa visa kwa sababu nyaraka za umri hazikulingana. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi wakafika. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi na kadi ya kliniki viseme tarehe moja. Anzeni na hilo wiki hii.

Kwa sasa, pale uwanjani Azania, Dar: kwa miaka 17 na 18 asizidi mirusho 105 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45, apumzike siku moja. Hadi 60, mbili. Hadi 80, tatu. Akifika 81, nne. Mtu wa kuhesabu awepo na daftari, kijana asijihesabie. Kwa mwaka mikono ipumzike miezi minne, angalau miwili ikiwa mfululizo. Kasi ipimwe kwa rada, maana skauti hapokei "anarusha kwa nguvu sana". Mwenye mashoto wa miaka 17 anayefika kilomita 140 ana sababu ya kutuma video, ikipigwa kutoka nyuma ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, na nyingine kutoka upande wa besi ya kwanza.

Na nimeona anatumia glavu ya kuazima ya wenye mkono wa kulia, ameivaa kinyume, kidole gumba kimeingia pa kidole kidogo. Atavunjika kidole. Glavu ya mashoto huvaliwa mkono wa kulia, na kwa mrushaji inafaa ya inchi 11.75 au 12. Hapo Dar kuipata ni shida, itatoka huku. Nipimie mzingo wa kiganja chake chini ya vifundo, bila kidole gumba, na urefu kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Upime wa kulia, baba mdogo, siyo ule wa kurushia.