Jinsi Nilivyopata Jina la "Shilingi"

Juzi usiku kijana mmoja wa Masasi kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nikileta maandishi ya Word kwenye InDesign yanaingia kama matambara, kila aya na fonti yake. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. InDesign, programu ya kompyuta ya kupanga kurasa za vitabu, ndiyo kazi yangu. Nitakujibu, ila umenitonesha kidonda.

Nilikuwa na meza moja ya steshenari Mtwara mjini, na laptopu ya mtumba. Chama kimoja cha wakulima wa korosho kikanipa kitabu cha taarifa ya mkutano mkuu: kurasa 28, nakala 300. Nilishajiona mwenye kiwanja. Katibu akaleta fleshi yenye mafaili saba, kila mjumbe kaandika la kwake. Mmoja alipanga tarakimu kwa kugonga spesi mpaka zikae sawa machoni pake. Mwingine, ili kichwa cha habari kishuke ukurasa wa pili, alipiga enta mara kumi na nne. Nilizihesabu! Nikanakili, nikabandika, nikanyoosha aya moja moja kwa mkono, umeme ukikatika na kurudi.

Saa tisa usiku nikaongeza ukubwa wa herufi kidogo, wazee wasipate taabu kusoma. Sikujua kwamba kisanduku cha maandishi kikijaa, InDesign haikupigii kelele. Inaweka kialama chekundu cha kujumlisha pale chini kulia, basi. Maneno yaliyozidi yamo, lakini huyaoni, na kwenye karatasi hayatoki.

Kitabu kikaenda Dar, kikarudi na basi, kikagawiwa asubuhi ya mkutano. Taarifa ya mapato na matumizi iliishia hivi: "Hadi tunafunga hesabu, fedha iliyobaki benki ni shilingi". Baada ya hapo, weupe mtupu.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akasimama na kitabu mkononi. "Shilingi ngapi? Mbona mmeificha?" Ukumbi ukachafuka. Mhasibu akasoma tarakimu kutoka daftarini, nani amsikilize? Mwenyekiti akaninyooshea kidole: "Muulizeni huyo kijana." Nililipwa nusu. Hadi leo wapo watu sokoni wanaoniita Shilingi, na mimi naitika, nifanyeje.

Haya, jibu lako. Usibandike. Bonyeza Ctrl na D ili uingize faili la Word, washa chaguo la kuonyesha mipangilio ya kuingiza, kisha iambie iondoe mitindo yote iliyotoka Word. Herufi nzito na za mlazo zinaweza kupotea humo humo, kwa hiyo kaa na nakala ya Word pembeni. Ukimwaga maandishi, shikilia Shift unapobofya. Programu itaongeza kurasa yenyewe mpaka yaishe. Spesi mbili mbili na enta za ziada zifute kwa kutafuta na kubadilisha, usizifukuze kwa macho. Halafu tengeneza mitindo ya aya: ya kichwa, ya maandishi ya kawaida, ya jedwali. Ukibadilisha mtindo, kurasa zote zinafuata. Na zima ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, maana maandishi yako yakiwa yamewekwa kama Kiingereza, itakata kwa Kiingereza. Mimi ilinipa "kor-osho", mbele ya wakulima wa korosho.

Kabla ya kutoa PDF, tazama kile kiduara chini kushoto mwa dirisha la InDesign, kinachoonya kama kuna kosa, mfano maandishi yaliyozidi kisanduku. Kikiwa chekundu, usitoe. Narudia: kikiwa chekundu, usitoe. Vijana mnapenda kusema "nimemaliza, bosi" wakati mteja bado anavuta kiti. Kazi ya kitabu haitaki sifa, inataka mtu wa kukaa, kufungua kisanduku kimoja kimoja, na kusoma hata asichokielewa. Mimi nilikesha usiku mzima, na katika usiku huo wote sikusoma hata ukurasa mmoja mpaka mwisho.

Msimu huu chama kilekile kimerudi. Hawakusema samahani, nami sikuidai. Mzigo ulipofika stendi nilichana boksi palepale, nikafungua ukurasa wa hesabu, nikaweka kidole kwenye neno "shilingi" na kukisogeza hadi senti ya mwisho. Konda akawa anauliza kama kuna kilichopotea.