Milima ya Lushoto inatoka kijani cha plastiki, nifanyeje?

Dada, hiyo picha yako ya rangi za mafuta, ya Lushoto asubuhi yenye ukungu, inawaka kwa sababu ya kile kijani cha kwenye tyubu. Kiweke kando kwanza. Changanya chako: buluu ya altramarini na oka ya manjano, halafu siena iliyochomwa, ile ya wekundu wa udongo, kiasi cha ncha ya kisu tu. Wekundu ndio unaokipoza kijani. Kikigeuka kahawia umezidisha, rudisha buluu. Nyeusi usiikimbilie.

Milima ya mbali iongezee nyeupe na buluu; giza na joto viache kwa mashamba ya karibu. Finya macho ukitazama, utabaki na mafungu matatu manne ya mwanga na kivuli. Paka hayo kwanza. Migomba na mabati ya nyumba yatakuja baadaye, na mabati yenyewe yasiwe nyeupe tupu, wengi tunaharibia hapo.

Tabaka la kwanza lizimue kwa tapentaini, la juu liwe na mafuta ya kitani zaidi; ukigeuza mpangilio huo rangi itapasuka ikikauka. Na madirisha yawe wazi, tapentaini inaumiza kichwa.