Zilipendwa kwa gitaa moja: maswali yenu na majibu

Wiki hii nimechagua maswali ya wapiga gitaa waliochoka kusubiri bendi ikamilike, wanaotaka kusimama peke yao na gitaa kavu, maiki na zilipendwa. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Msimamo wangu niuseme mapema: ukipiga nyimbo za zamani, wasikilizaji wanayajua maneno kuliko wewe. Ukikosea kodi ya gitaa (chord), watagundua watu wawili. Ukikosea ubeti, meza nzima itakuimbia ulio sahihi.

Nimepewa Ijumaa kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne. Niandae nyimbo ngapi? (Kijana wa Kigamboni)

Hutapiga mfululizo muda wote huo, na wala usijaribu. Gawa vipindi viwili vya dakika 45 hivi, katikati pumzika, unywe maji. Wimbo ukipigwa na mtu mmoja hauzidi dakika nne. Ongeza salamu na kurekebisha nyuzi, unafika tano. Kwa hiyo nyimbo tisa kila kipindi, jumla kumi na nane, na tatu za akiba mfukoni. Kama leo unazo nane tu za uhakika, mwambie meneja ukweli na uombe kipindi kimoja. Nyimbo nane zilizoiva zitakurudisha pale wiki ijayo. Kumi na nane mbichi hazitakurudisha.

Hoteli ya ufukweni ina wageni, na wageni watataka *Malaika* na *Jambo Bwana*, ile ya Them Mushrooms wa Mombasa iliyotoka 1982. Najua wanamuziki wengi wamezichoka. Zipige, na uzipige vizuri. Moja iweke mapema wageni watulie, nyingine karibu na mwisho. Usianze na wimbo mgumu hata kama ndio unaokutia fahari; anza na ule ambao hata ukiamshwa usiku wa manane unauimba. Na usipange nyimbo tatu za taratibu zikifuatana. Ya tatu ikianza, watu wanaomba bili.

Nyimbo za dansi zina solo, rithim, besi, tarumbeta na waimbaji watatu. Mimi nina gitaa moja. Nitazibebaje? (Mpiga gitaa, Morogoro)

Ndugu yangu, uko kwenye mji wa magwiji wa dansi Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo swali lako lina uzito wake.

Cha kwanza ni kuchagua. Imba wimbo bila gitaa kabisa, ukiosha vyombo au ukitembea barabarani. Ukisimama wenyewe, yaani sauti na maneno tu vinatosha kumfanya mtu ageuke, huo unafaa. Ukiona kila baada ya mstari unalazimika kuigiza tarumbeta kwa mdomo, utamu wake uko kwenye bendi, uache huko. *Shida* ya Mbaraka unapita mtihani huu kirahisi, maana ni mtu mmoja anayelalamika, na malalamiko hayahitaji watu wanane jukwaani.

Cha pili ni kupunguza. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zilirekodiwa kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, na ile ya pili mara nyingi ni sebene, yaani kipande cha magitaa cha kuchezwa. Peke yako huwezi kuwachezesha watu dakika nne za sebene. Chukua kipande kimoja cha solo ambacho kila mtu anakikumbuka, kipige mara mbili, rudi kwenye kiitikio, maliza. *Sina Makosa* ya Les Wanyika ni mfano mzuri: watu wanaitambua kwa gitaa la mwanzo kabla hujafungua mdomo. Hilo gitaa la mwanzo lazima ulitoe jinsi lilivyo. Mengine yote una ruhusa ya kuyapunguza.

Cha tatu ni mkono wa kulia, na hapa ndipo vijana wengi wanakwama kwa sababu wamejifunza kucharaza tu. Wasikilize wapiga gitaa kavu wa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada: gumba linatembeza besi kwenye nyuzi nene, kidole cha pili kinaimba juu yake. Unasikia magitaa mawili, na mpigaji ni mmoja. Magharibi mwa Kenya George Mukabi alijenga mtindo wa omutibo kwa njia ya karibu na hiyo, na kando yake mtu anagonga au kukwaruza chupa ya soda kushika mwendo. Hao hawakuwa wanapunguza muziki wa bendi. Gitaa moja ndilo lilikuwa bendi. Ukipata mwendo wa gumba ukatulia, hata wimbo wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, utakaa, ingawa utahitaji uvumilivu wa miezi, si wa wiki.

Kuhusu waitikiaji: una ukumbi mzima wa kukuitikia. Acha nafasi ya kiitikio, nyamaza mstari wa pili, tazama watu. Wataimba.

Nikiwa nyumbani nayajua maneno yote. Nikisimama mbele za watu, ubeti wa pili unapotea. Tatizo ni woga? (Wasomaji wa Kisumu, Tabora na Bujumbura)

Woga upo, lakini simwamini sana kama mtuhumiwa mkuu. Nadhani nyumbani hujui maneno yote. Unaimba pamoja na rekodi, na mwimbaji wa kwenye rekodi anakuanzishia kila mstari kabla hujagundua kwamba umeusahau. Zima rekodi, weka gitaa chini, chukua karatasi na uandike wimbo mzima kwa mkono kutoka kichwani. Halafu linganisha. Pale palipobaki wazi ndipo panapokuangusha jukwaani.

Utagundua kwamba mapengo hayatawanyiki ovyo. Yanakusanyika kwenye maungio, ubeti mmoja unapoisha na mwingine kuanza. Katikati ya ubeti mstari unauvuta mstari mwenzake kwa maana na kwa vina. Mwishoni hakuna kinachovuta. *Malaika* ndiyo mtego wenyewe. Beti zake tatu zinafanana karibu zote, zinaishia mahali pamoja, na tofauti iko kwenye mstari wa kufungulia tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuimba ubeti mmoja mara tatu bila kujua. Hapo huhitaji kukariri wimbo. Unahitaji kukariri maneno matatu kwa mpangilio: malaika, pesa, kidege. Kwa wimbo wowote fanya vivyo hivyo. Andika neno la kwanza la kila ubeti kwa mfululizo na uuseme mfululizo huo kama unavyotaja vituo vya daladala. Kisha fanya mazoezi ya maungio peke yake: mstari wa mwisho wa ubeti wa kwanza na mstari wa kwanza wa ubeti wa pili, basi, rudia.

Nyimbo zenye hadithi zina msaada mwingine. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, na kila ubeti kuna jipya gani. Ukijua kwamba ubeti wa kwanza mtu anashangaa, wa pili anajitetea, wa tatu anaomba yaishe, huwezi kuimba wa tatu kabla ya wa pili. Tarabu inakusaidia kwa namna nyingine tena: mistari ina mizani, mara nyingi nane kwa nane, na vina. Ukibadilisha neno moja, mstari unapungua na sikio linakushtaki papo hapo. Wanaoogopa tarabu kwa urefu wa beti wajaribu kwanza; mizani inawabeba.

Kuna kosa la Kiswahili chetu ambalo sioni likizungumzwa: nyakati. Wimbo unasema "ningekuwa", wewe unaimba "nitakuwa". Idadi ya silabi ni ileile, sauti inakaa vizuri, na maana imekufa. Aliyekuwa anajuta sasa anaahidi. Unapoandika maneno kwa mkono, piga mstari chini ya kila kitenzi na uhakikishe kiambishi chake.

Ratiba nayo. Kurudia wimbo mara ishirini usiku mmoja kunakupa imani ya uongo ambayo asubuhi haipo. Ujaribu leo, kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki, na kila mara anza kwa kukumbuka kabla ya kusikiliza. Usijifunze nyimbo mpya zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Maneno yakishakaa kiasi kwamba unaweza kuyasema huku unatafuta funguo za mlango, ndipo uchukue gitaa. Vidole na maneno vikijifunza pamoja vinagombania kichwa kimoja, na vidole ndivyo hushinda.

Na nikisahau tayari niko jukwaani? (Msomaji huyohuyo wa Tabora)

Mkono wa kulia usisimame. Piga mzunguko mmoja bila kuimba, watu watadhani ni solo. Ukirudi na bado hujakumbuka, ingia kwenye kiitikio. Kikikataa nacho, waulize walio mbele ubeti unaofuata unaanzaje. Kwa zilipendwa hakosi mtu, na mara nyingi ndiye atakayekutunza noti kubwa. Usiombe radhi katikati ya wimbo na usikunje uso.

Kuna ubaya gani kuweka maneno kwenye simu? (Mombasa)

Simu inazima kioo, inaita, inakumulika usoni kwa mwanga wa buluu, na inakufanya uimbie stendi badala ya watu. Ukishaizoea, hutakariri tena hata wimbo mmoja. Ninachoruhusu ni karatasi moja sakafuni, maandishi makubwa, yenye orodha ya nyimbo, ufunguo wa kila wimbo (sauti unayoupigia) na yale maneno ya kufungulia beti. Hayo tu.

Mimi ni mwanamke, na karibu zilipendwa zote zimeimbwa na wanaume. Nibadilishe maneno yaendane nami? Na sauti zao hazinikai. (Dada wa Arusha)

Sauti ndiyo ya kushughulikia kwanza, dada yangu. Usiimbe kwenye ufunguo wa rekodi kwa sababu tu rekodi iko hapo. Chukua kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, usogeze hatua moja moja mpaka noti ya juu kabisa ya wimbo uitoe bila kukaza koo, na ya chini isimezwe. Pima ukiwa umechoka, kwa sababu wimbo wa kumi na tano utauimba ukiwa umechoka.

Maneno yaache. Miriam Makeba aliimba *Malaika* duniani kote kwa nafasi ya mwanamume anayetaka kuoa na hana mali, na hakuna aliyechanganyikiwa. Mwimbaji anasimulia. Ukianza kugeuza kuoa kuwa kuolewa, mizani inaharibika na meza ya nyuma itaimba ya zamani wakati wewe unaimba yako.

Maneno ninayoyapata mtandaoni yanapingana. Nifuate yapi? (Muscat)

Rekodi. Maneno mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu waliosikia vibaya na wengine wakanakili. Sikiliza kipande kifupi kwa wakati, na ukikwama mtafute mtu mzima aliyeucheza wimbo ule ukiwa mpya. Wimbo ukiwa na rekodi mbili zinazotofautiana, chagua moja na ubaki nayo. Halafu usisanifishe lugha ya wenzako: Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, na kukirekebisha kiwe cha Unguja ni kukiharibu.

Nikipiga nyimbo za watu, nadaiwa? (Nairobi)

Kwa kupiga ukumbini, leseni ya muziki kwa kawaida ni jukumu la mwenye ukumbi, muulize kabla. Kurekodi na kusambaza ni jambo jingine, unahitaji kibali cha mwenye haki. Kifo cha mtunzi hakifuti kitu: sheria za Kenya na Tanzania zinalinda kazi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo hata Mbaraka, aliyefariki Januari 1979, bado yumo. Na taja watunzi unapotambulisha wimbo, ila kwa *Malaika* kuwa mwangalifu: Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kuutambulisha, lakini Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuutunga miaka ya 1940.

Gitaa langu halina waya wa kuchomeka kwenye spika. Maiki niiweke wapi? (Mwanza)

Usiielekeze kwenye tundu, inavuma. Ielekeze pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, umbali wa shubiri moja hivi. Na nyuzi mpya zifunge siku mbili kabla ya shoo, uzivute na kuzipiga zikae. Ukizifunga jioni ileile zitashuka usiku kucha.