Ukikabidhiwa banda la gemu, diski ya Robotron usiitupe

Mdogo wangu unayeanza kushika banda, jambo la kwanza utakaloambiwa na tajiri wako ni kwamba pesa iko kwenye gemu za mpira. Hajakudanganya. Nimeshika banda hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, huu mwaka wa saba, na wanaolipa kodi ya fremu ni walewale vijana wawili wawili wanaogombania nani achukue Barcelona. Ila kuna diski moja niliikuta ndani ya PS2 (PlayStation 2) ya mtumba niliyonunua kwa fundi mmoja mjini. Juu imeandikwa Midway Arcade Treasures, mkusanyiko wa mwaka 2003 wa magemu ya zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Nilitaka kuitupa. Nikaijaribu usiku mmoja wateja walipokuwa wameisha, nikafunga banda saa saba.

Gemu iliyonikalisha inaitwa Robotron: 2084. Ilitoka Marekani mwaka 1982, kwenye mashine za kampuni ya Williams, na waliotengeneza ni Eugene Jarvis na Larry DeMar. Habari yake ni fupi: mwaka 2084 maroboti yameasi, binadamu wanamalizwa, wewe umesimama katikati ya skrini umezungukwa pande zote. Utamu uko mikononi. Kijiti cha kushoto kinakutembeza, cha kulia kinapiga risasi kule unakokisukuma. Kitufe cha kufyatulia hakuna. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwepo gemu ya Berzerk, yenye kijiti kimoja cha kutembelea na hichohicho cha kulengea, kwa hiyo ukitaka kupiga lazima mtu wako asimame. Jarvis alikuwa ameumia mkono wa kulia kwenye ajali ya gari, kubonyeza kitufe kukawa mateso, akaona bora kila mkono upewe kijiti chake. Ndiyo maana leo mtu anaweza kukimbia kuelekea kushoto huku anapiga kulia, na gemu nyingi za risasi zilizokuja baadaye zimekula kwenye sahani hiyohiyo.

Uzuri wake wa kwanza kwa banda ni kwamba haihitaji maelezo. Kuli aliyetoka kushusha magunia ya dagaa, hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu, Kiingereza hataki kukisikia, anaelewa kazi yake kabla sijamaliza kumhesabia chenji. Gemu ya mpira ina vitufe kumi na kitu, ukimpa mgeni unamwaibisha mbele ya watoto.

Kuelewa na kuweza, hata hivyo, ni vitu viwili. Mgeni utamjua kwa vidole gumba vyake: cha kulia kinafuata cha kushoto kama ndama na mama yake. Anapiga kulia, anatembea kulia, anaenda kuwakumbatia wale anaowapiga. Nimeona watu wazima wakifa mara tatu ndani ya dakika moja kwa kosa hilo tu, halafu wanasema pedi mbovu. Usibishane nao. Mwambie mchezo wa kwanza asipige kabisa, akimbie tu, afe anavyokufa. Mchezo wa pili asitembee, asimame palepale azungushe kijiti cha kulia. Wa tatu aunganishe, na umpe neno moja la kushika: unakimbia kwenda kulikosafishwa, unapiga kulikojaa. Wengi vidole vinaachana siku hiyohiyo. Wachache haviachani kamwe, hao warudishe kwenye mpira kwa heshima.

Baada ya hapo mfundishe nani wa kupigwa kwanza. Wale maroboti Grunt wanaotembea kama wamelewa wanakufuata wewe, na kadiri unavyochelewa ndivyo wanavyoongeza mwendo, lakini sio wao watakaokuua. Watakuua vile viduara vinavyotambaa pembeni ya skrini, Spheroid, maana kila kimoja kinazaa maadui wanaorusha risasi. Kimalize kabla hakijazaa. Lile pande kubwa la kijani, Hulk, halifi. Risasi inalisukuma tu, basi lisukume lisikanyage watu wako, usilipotezee muda. Watu hao ni familia: baba, mama na mtoto. Ukiwagusa unawaokoa, wa kwanza pointi 1,000, anayefuata 2,000, mpaka 5,000, na ukifa hesabu inaanza upya. Kila pointi 25,000 unapata roho nyingine. Kwa hiyo anayekimbilia familia hudumu kuliko anayekimbilia kuua, jambo ambalo vijana wetu wanakubali kwa shida sana.

Raundi ya tano ndiyo kitendawili. Hapo wanaingia Brain, vichwa vikubwa vinavyowakamata watu wako na kuwageuza wawe maadui. Kina mama wamejaa skrini nzima, mtoto ni mmoja tu, na kwa kasoro iliyobaki ndani ya programu, hao Brain wote wanamwinda yule mtoto kwanza. Wachezaji wazoefu wanaijua siri: mtoto usimguse, mwache azungukwe, wewe kusanya kina mama kwa pointi zinazopanda mpaka 5,000 kila mmoja. Siku moja nilikuwa nawaelekeza vijana hivyo, mama mmoja muuza dagaa kasimama mlangoni na sado yake kichwani anasubiri nimvunjie elfu kumi. Akatazama, akatazama, akaniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanawane, mbona mtoto mnamwacha?" Sikuwa na jibu. Kijana aliyekuwa anacheza akageuka kumtazama, akafa.

Sasa ubaya, na hapa nisikilize vizuri maana ni mfuko wako. Gemu hii ilitengenezwa imle mtu sarafu. Kule kwenye mashine, mwenye mashine anafurahi ukifa haraka, maana unatumbukiza nyingine. Nami nilianza hivyohivyo: mchezo mmoja mia mbili. Wageni walikufa baada ya nusu dakika, wakaniona mwizi. Akatokea dogo mmoja wa Mabatini, mpole, hasemi neno, akacheza mia mbili yake kwa saa nzima na dakika zake, huku foleni inanitukana. Nikahamia dakika: robo saa mia tano, ufe usife. Malalamiko yakaisha, na gemu nayo ikafa. Mtu akijua kufa ni bure hakimbii tena, anajirusha katikati, anabonyeza kuanza upya, anapiga miayo. Ile hofu ya roho ya mwisho, ambayo ndiyo gemu yenyewe, nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu.

Dawa ilikuwa chaki. Nimeandika ukutani majina matano na pointi zao, la chini kabisa linafutwa likipitwa. Malipo yamebaki kwa dakika, lakini jina lako haliingii ukutani ila kwa mchezo uliouanza na kuumaliza ndani ya robo saa yako. Tangu hapo wanacheza kwa adabu. Niliwahi kumaliza ugomvi wa nani amepita nani kwa kupiga picha skrini kwa simu, na wewe fanya hivyo mapema, usisubiri mpaka watu washikane mashati.

Ubaya wa pili ni pedi. Kwenye mpira kijiti cha kulia kinapumzika. Kwenye Robotron kinasukumwa mpaka mwisho, bila kuachwa, robo saa baada ya robo saa. Pedi za bei rahisi zinachoka haraka: kijiti kinalegea, mtu wako anatembea mwenyewe ukiwa umeweka mikono mezani. Na kwa kuwa risasi zinakwenda pande nane tu, pedi iliyolegea inaanza kukosea zile za mshazari, unalenga kona inapiga juu. Mimi nimetenga pedi mbili nilizozifunga utepe mwekundu, hizo ndizo za Robotron, hazigusi TV za mpira. Weka na kitambaa karibu. Hapa kwetu mtu anakuja na mafuta ya mihogo au magamba ya sato vidoleni, na uchafu huo ukishaingia kwenye shina la kijiti utaufungua na bisibisi kila wiki.

TV iwe ya chogo. Nilihamishia PS2 kwenye flati ili banda lipendeze, wazoefu wakaanza kufa ovyo, nikadhani wamechoka. Kumbe flati ile ilikuwa inachelewesha picha kidogo. Kwenye mpira huioni, lakini hapa ni kifo. Nikarudisha chogo, wakarudi ukutani.

Ubaya wa tatu siuwezi: haina watu wawili kwa pamoja. Wakiwa wawili wanapokezana, mmoja anacheza, mwingine anakaa kama yuko foleni ya zahanati. Kwenye diski ileile kuna Smash TV ya mwaka 1990, Jarvis huyohuyo na Mark Turmell, hiyo inachezwa na wawili kwa wakati mmoja na inaleta kelele nzuri za banda. Kwa kuanzisha wageni wawili marafiki, anza nayo. Mimi binafsi naiona ndefu na yenye fujo isiyo na sababu, ila wateja si mimi.

Na usiiwashe kila siku. Jumamosi jioni, mpira wa Uingereza ukiwa hewani, kuipa TV moja Robotron ni kuichezea kodi ya nyumba. Siku zake ni za mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inalala na wavuvi wanashuka kutoka visiwani wakiwa na hela na usingizi hawana. Hao hawana timu ya kubishania na hawakuzoea pedi, lakini macho yao yamezoea kutazama giza na kuona kinachosogea. Mmoja wao, mtu wa kisiwa cha Ukara, ana namba mbili ukutani. Kila mwezi ukijaa anaingia bila salamu, anasogeza pazia, anasoma ukuta, ndipo ananipa mkono.