Nilivyochekwa harusini kwa sababu ya Jim Reeves

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Babu na nyanya yake wanatimiza miaka 50 ya ndoa mwezi Agosti, na ukoo mzima umemtwika yeye kazi ya kuwaimbia nyimbo za Jim Reeves, yule Mmarekani wa muziki wa kantri. Amejirekodi kwa simu, akajisikiliza, akakata tamaa. "Kaka, nasikika kama ng'ombe aliyekwama matopeni." Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka, maana niliwahi kuwa ng'ombe huyo mbele ya wageni 300.

Nimekulia Voi, nyumba za reli. Jumapili tukitoka kanisani baba alivua koti, akawasha redio, akakaa mlangoni kupiga viatu rangi. Jim akianza kuimba, brashi ilipunguza mwendo. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimwita mama kwa jina mbele yetu. Lakini aliguna pamoja na ile redio, na jikoni mwiko wa mama ulinyamaza kidogo ndani ya sufuria. Na Kizungu cha mama kilikuwa cha kuhesabia pesa tu. Sikujua kwamba mwimbaji mwenyewe alishakufa kabla sijazaliwa, Julai 1964, akiwa na miaka 40, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville. Nilidhani yuko Nairobi.

Kwa hiyo nilipojiunga na bendi ya hotelini Mombasa, nilijiona mrithi halali. Siku moja kwenye harusi, baba wa bibi harusi akaomba ule wimbo wa simu, ambao mwanamume anamsihi mpenzi wake asogeze midomo karibu na simu. Nikasimama nilivyofunzwa kwenye kwaya: kifua mbele, mdomo wazi, maiki urefu wa mkono. Kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ileile ya kwenye santuri. Pale sauti inaposhuka chini kabisa nikashuka nayo, nikakuta kisima kimekauka. Pumzi tupu. Kwa aibu nikaupaaza mstari uliofuata, mitambo ikapiga mluzi, na MC akawauliza wageni kama mwimbaji amepewa chakula. Walicheka hadi wapishi.

Kiongozi wa bendi (jina lake nalihifadhi, ingawa yeye hakunihifadhi) aliniambia kesho yake kwamba sauti yangu ni ya matangani. Miezi minne nilitikisa kayamba. Mwaka jana alinitafuta nikaimbe kwenye harusi ya binti yake. Nikamtajia bei. Hakupiga tena.

Basi, mdogo wangu, ushauri. Sogea kwenye maiki na upunguze sauti. Watu hudhani Jim alizaliwa na ule mnong'ono. Alikuwa mchezaji wa besiboli aliyeumia, akawa mtangazaji wa redio kule Shreveport, Louisiana, na wimbo uliomtoa mwaka 1953 aliuimba kwa sauti ya juu, ya kuchangamka, kama wenzake wa kantri. Mwaka 1957 ndipo aliposhuka, midomo ikikaribia kugusa maiki. Wakubwa wa kampuni yake ya santuri hawakutaka; mtayarishaji wake, Chet Atkins, ndiye aliyemuunga mkono. Wimbo huo wa 1957, si ule wa simu, ukashika namba 1 kwenye orodha ya kantri, ukapendwa hata na wasiosikiliza kantri. Mimi naamini ni redio iliyomfunza. Mtangazaji haongei na umati, anaongea na mtu mmoja aliyeshika mwiko jikoni kwake.

Maiki ya kuimbia nayo ina tabia yake: ukiikaribia, inakuongezea besi yenyewe. Ule uzito unaoutafuta kooni hadi mishipa inakutoka, unapewa bure. Weka vidole viwili kati ya mdomo na maiki, uielekeze pembeni kidogo, la sivyo kila P na B italipuka kama bisi. Mwambie fundi wa mitambo apunguze mwangwi. Atakataa. Mwambie tena.

Kii usimfuate Jim. Yule ni baritoni wa Texas, sauti nzito ya kiume, wewe ni wewe. Mimi nimempandisha hatua mbili na hakuna mgeni aliyewahi kudai arudishiwe zawadi.

Na pumzi. Mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra, alipokuwa kwenye bendi ya Tommy Dorsey kuanzia 1940 hadi 1942, alimtazama bosi wake akipuliza tromboni, akajifunza kuunganisha mistari bila kuikata kwa pumzi. Mimi sikuwa na Dorsey, nilikuwa na matatu: nilikuwa nikihesabu nguzo za taa kwenye daraja la Nyali kwa pumzi moja, abiria wa pembeni wakinihama.

Lakini kubwa ni kusogea na kupunguza. Nasema tena kwa sababu najua hamsikii. Siku hizi mnaimba mapenzi kama mnauza mitumba Kongowea! Nani alibembelezwa kwa kelele akakubali? Bing Crosby na waimbaji wenzake wa zamani kule Marekani waliipata maiki ya umeme wakatambua kwamba sasa mwanamume anaweza kumwimbia mtu sikioni hata ukumbi ukiwa umejaa. Ninyi mmeikuta imeshawashwa, na bado mnafoka. Mtafute mtu mmoja mle ukumbini, umwimbie huyo, wengine wasikilize kwa wizi.

Desemba nilialikwa Wundanyi, jubilei kama ya babu yako. Ukungu umeshuka hadi kwenye hema, mzee kavaa suti pana iliyomshinda mabega, mama kajifunika leso juu ya gauni. Nikaomba taa moja izimwe. Nikausogelea ule wimbo wa simu, nikauimba chini, nikimtazama mama peke yake. Katikati ya ubeti wa pili mzee alinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akaupata wa mkewe kwenye mapaja. Watoto waliokuwa wakigombania soda walinyamazishwa kwa kofi.

Nilipomaliza, mama akamgeukia mumewe, na kwa kuwa maiki ilikuwa bado wazi tulisikia sote: "Baba, hayo maneno miaka 50 yote hujawahi kuniambia."

"Ndiyo maana nimelipa mtu," mzee akajibu.