Mwiku Uliopashwa Moto na Bado Ukatapisha

SWALI: Assalaam aleikum. Ijumaa usiku nilipika wali wa nazi, tukala, na uliobaki nikauacha ndani ya sufuria mezani, chini ya kawa. Asubuhi saa moja niliupasha moto mpaka ukatoa mvuke, nikawapa wanangu wawili mwiku kwa chai. Kabla ya saa nne wote wawili walikuwa wanatapika. Nyanya yao, aliyekula usiku tu, hakuumwa. Mume wangu analaumu maji ya kisima, kwani wali haukunuka wala kuteleza. Je, moto haukutosha? Na ningeukamulia ndimu, ungefaa?
Mama wa wawili, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Moto ulitosha kuua bakteria, ila ulichelewa. Mchele hutoka shambani pamoja na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus, ambaye mambo yakimwia magumu hujifungia ndani ya ganda mfano wa mbegu, na ganda hilo huvumilia maji yanayochemka, hata na makaa uliyoupalia wali wako. Wali ukianza kupoa, mbegu hizo huchipua. Na kwa kuwa sufuria iliyojaa hukaa vuguvugu kwa muda mrefu katika usiku wetu wa joto, bakteria huzaana humo na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Sumu hiyo hustahimili nyuzi 121 za selsiasi kwa dakika 90, joto ambalo jiko lako halilifikishi kwenye wali.

Maji ya kisima siyatetei, na yachemsheni kabla ya kunywa, lakini safari hii nadhani mume wako ameyaonea. Nyanya alikula wali ule ule ulipotoka motoni akasalimika, na watoto walitapika ndani ya saa tatu, ilhali sumu hii huanza kutapisha kati ya nusu saa na saa sita. Bakteria wa mikononi, hasa mpishi akiwa na kidonda kidoleni, naye huacha sumu ya namna hiyo, na kinga yake kwenye mabaki ni hii hii.

Kawa huzuia nzi, na kwa hilo silikosoi. Kilichomo tayari halikizuii. Wali unaobaki utandaze kwenye sinia, uwe mwembamba, upoe upesi, kisha uuingize kwenye friji ndani ya saa mbili, au saa moja joto likizidi nyuzi 32. Usiiingize sufuria nzima, kwa maana katikati yake hubaki na uvuguvugu muda mrefu ingawa pembeni pameshapoa. Asiye na friji, au ambaye umeme humkatikia kila jioni, apime mchele wa kuisha usiku ule ule.

Watoto wanyweshe kidogo kidogo maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Usiwanunulie viuavijasumu, kwa sababu kinachowatapisha ni sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja. Lakini mtoto akilegea, akikosa mkojo, akiharisha damu au macho yakiwa manjano, mpeleke hospitali bila kungoja.

Ndimu hainyimi sumu hii nguvu, dada yangu. Hata tindikali ya tumboni haiiwezi.