Je, kuunga mkono upinzani ni kumuasi kiongozi?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni kijana wa miaka 20, mkaazi wa Unguja, na uchaguzi ujao nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Baada ya Isha huwa tunakaa barazani, na siku hizi mazungumzo ni hayo kwa hayo. Mmoja wetu anasema upinzani ni fitna, Qur'ani imetuamrisha kuwatii wenye mamlaka. Mwengine anasema watawala wasiopingwa hulewa. Mimi najiuliza: chama kisichoshinda miaka yote hii kina faida gani, si kupoteza kura tu? Juzi wawili walitoleana maneno mazito, na mmoja sasa amehama hata safu, anasali kule mlangoni. Tupe muongozo.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, nianze na aya anayoisoma mwenzenu, maana anaisoma nusu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 59, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tumtii Yeye, tumtii Mtume, na wenye mamlaka katika sisi. Wengi wakifika hapo hufunga msahafu. Aya haijesha! Inaendelea kwamba tukizozana katika jambo lolote, tulirejeshe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Angalia vizuri: wenye mamlaka wametajwa kwenye utii, lakini kwenye kuamua mzozo hawakutajwa tena, kwa sababu wao wenyewe wanaweza kuwa upande mmoja wa mzozo huo. Aya ile ile iliyoweka utii imekubali kuwa anayeongozwa na anayeongoza wanaweza kuhitilafiana.

Na Ubada bin Samit (r.a.), katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ameeleza bay'a, yaani ahadi ya utii, waliyompa Mtume (s.a.w.): wasikie na watii katika uzito na wepesi, wasigombanie uongozi na wale walio nao, na waseme haki popote walipo bila ya kuogopa lawama ya mwenye kulaumu. Kutii na kusema haki vimefungwa fundo moja. Utaniuliza, je, "wasigombanie"? Hapa kwetu Katiba yenyewe imeupa uongozi muda wa miaka 5, ukisha watu wanaitwa wachukue fomu. Anayechukua fomu amepita mlango uliofunguliwa na wenye nchi. Hajavunja nyumba ya mtu.

Sasa swali lako la faida, nalo ndilo lililonigusa. Mwaka wa 3 Hijria, Maquraysh walipokuja kulipiza kisasi cha vita vya Badr, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki ndani ya Madina. Walioshikilia kutoka ni vijana hasa, wengi wao wale ambao Badr iliwapita. Akawasikiliza. Akaingia ndani, akatoka amevaa deraya. Vijana wakajuta, wakasema turudi kwenye rai yako, naye akajibu kuwa haimfalii Nabii akishavaa silaha azivue kabla ya kupigana. Katika vita hivyo, vya Uhud, wakafa mashahidi 70, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Kwa hesabu zetu, siku ile ushauri wa vijana ungepigwa marufuku milele. Lakini aya iliyoteremka baada ya msiba huo, Aal Imran 159, inamwamrisha awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao. Kila nikiisoma mwili unanisisimka. Mtume anayeteremshiwa wahyi anaambiwa asikilize rai iliyo tofauti na yake, hata baada ya kuuguza majeraha yake. Mtawala gani wa leo atasema yeye haihitaji?

Kwa hiyo rai tofauti haipimwi kwa kushinda tu. Hata historia ya nchi yetu inashuhudia. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuwauliza wananchi mwanzoni mwa miaka ya 90, karibu wanane katika kila kumi walisema tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale wachache hawakushinda hesabu, lakini walisikilizwa, na ndiyo maana leo nyinyi barazani mna cha kubishania.

Mtume (s.a.w.) amesema: mnusuru ndugu yako, akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Maswahaba wakauliza, dhalimu tumnusuru vipi? Akasema, umzuie na dhulma. Chama kilichotawala muda mrefu kina marafiki wengi wa kukisifu, na wa kukishika mkono ni wachache. Anayesimama katika Baraza la Wawakilishi au Bungeni akauliza fedha za kisima zimekwenda wapi, huyo anamnusuru waziri na hesabu ya Kiyama, apende asipende.

Ila mpinzani naye amefungwa na dini ile ile. Akizua uongo juu ya kiongozi, uongo haugeuki halali kwa kuwa umepanda jukwaani. Na kama chama kinachotawala kimefanya jema, barabara au dawa za hospitali, aseme ni jema. Al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Nani umpe kura, hilo sikuambii. Ni ushahidi wako, uupime mwenyewe.

La safu limenitia huzuni, kwa sababu nimeyaona. Kabla ya maridhiano ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa hapa Zanzibar, nilihudhuria maziko kijijini ambako jeneza lilibebwa na watu sita tu wakipokezana, na majirani wamekaa vibarazani wanatazama, kwa kuwa marehemu alikuwa wa chama kile. Duka moja walikuwa hawauziani hata chumvi. Yule maiti alikuwa amewafundisha nusu ya kijiji alifu na bee.

Si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na huyu kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Leo usiku, kabla ya iqama, nenda kule mlangoni ukasali ubavuni pake, kisha mchukue mje naye barazani. Chama chake msimuulize.

Wallahu aalam.